Nunda alianza akiwa paka

Paka wangu, ndama wangu.

Haya maneno niliyasikia nikiwa mdogo nimejilaza kwenye mkeka, na mpaka leo bado yananirudia, hasa nikisikia habari fulani fulani redioni ambazo mwisho wake unakuta kila mtu anasema "ah, huyo tulikuwa tunamjua siku nyingi". Ni maneno ya Sultani Majnuni, kwenye hadithi ya nunda mla watu. Hadithi ya pwani, ya zamani, mmisionari Mwingereza Edward Steere aliikuta Unguja akaiandika na kuichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi zingine, na bibi zetu kabla yake na baada yake waliendelea kuisimulia tu bila kujua kama imeshaingia kitabuni. Watu wengi ukiwatajia hadithi hii wanamkumbuka nunda, zimwi lenyewe, na yule kijana aliyemuua. Mimi leo nataka nikae kidogo na kile kipande ambacho wengi tunakipita mbio, yaani kabla hajawa nunda, alipokuwa paka.

Maana alikuwa paka kweli, paka wa ndani, wa sultani. Siku moja akakamata ndama akala. Watu wakaenda kumwambia sultani, bwana, paka amekula ndama, sultani akawajibu paka wangu, ndama wangu, muacheni. Zikapita siku akala mbuzi, wakaenda tena, jibu lile lile, paka wangu mbuzi wangu. Akala ng'ombe. Akala punda, farasi, ngamia, kila safari anakula kikubwa kuliko cha jana na kila safari kuna watu wanapiga hodi kwa sultani na kurudi na jibu walilokwenda nalo kichwani kabla hata hawajatoka nyumbani. Alafu akala mtu. Na bado aliachwa. Paka akahama mjini akaenda kukaa porini akawa anavizia njiani, kila anayepita amekwisha, na sultani yuko barazani kwake anaamua kesi za watu.

Mpaka siku sultani mwenyewe anatoka na wanawe kwenda kutazama mashamba. Paka akaruka kutoka kichakani akaua watatu. Hapo sasa ndo sultani anasema huyu si paka tena, huyu ni nunda, atafutwe auawe, naogopa ataniua na mimi.

Hebu tazama vizuri jina limebadilika lini. Kucha zilikuwa zile zile, meno yale yale, njaa ile ile, kwa mama aliyepoteza mtoto njiani huyu alikuwa nunda zamani, toka siku ile. Lakini mama yule hana mdomo wa kumpa mnyama jina. Mwenye mdomo ni sultani, na sultani hakuona zimwi mpaka damu ilipomwagika yeye akiwa mzazi. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, sasa hii hadithi imeuchukua msemo huo ikautembeza hatua kwa hatua, kuanzia ndama mpaka mtoto wa sultani, ili msikilizaji akose pa kujificha, aone kabisa ni hatua ipi na yeye angenyamaza.

Mimi naamini, na nimefikiria hili kwa miaka, kwamba mazimwi ya kwenye hadithi zetu yanatuambia habari moja ambayo hatupendi kuisikia, nayo ni kwamba zimwi halitoki mbali. Linafugwa. Lina mtu wa kulitetea, na anayelitetea mara nyingi wala si mtu mbaya. Sultani Majnuni hakusema paka na ale watu, hakumtuma, kwa akili yake yeye alikuwa muungwana anayekubali hasara, ndama ni wake, amesamehe. Neno lenye sumu pale ni dogo sana, ni "wangu". Ukishasema wangu macho yanaziba. Mtoto wangu hawezi, mjomba wetu hayuko hivyo, mwalimu wetu tunamjua, kiongozi wetu hata akifanya ni wetu.

Mtaa niliokulia kulikuwa na mtu mzima mmoja, sitamtaja, wala mtaa sitautaja. Sisi watoto wa kike na wa kiume tuliambiwa jioni msipite kwake. Tuliambiwa sisi. Yeye hakuambiwa kitu, msikitini alisalimiwa, harusini alikaa mbele, alikuwa mtu wa watu na watoto wawili watatu wa pale mtaani aliwalipia ada. Kila mama alikuwa anajua, kila mama alikuwa amemfundisha mwanawe njia ya kuzunguka, ile ya nyuma ya kisima, na kulikuwa na vumbi limekanyagwa pale mpaka pakawa njia kabisa, ukipita leo sidhani kama ipo lakini mimi naiona. Njia ilichongwa na miguu ya watoto kwa sababu watu wazima walishindwa kutamka sentensi moja. Alafu siku ilipofika kwa mtoto wa ndani ya ukoo wake mwenyewe ndipo siku hiyo hiyo nilisikia kwa mara ya kwanza akiitwa mnyama. Nilikuwa na miaka kama kumi na moja nikakumbuka paka wa sultani, na toka siku hiyo hadithi haijawahi kuwa ya kuchekesha kwangu.

Kuna methali tunaipenda sana, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tunaitumia kujipa moyo, kwamba bora adui unayemjua kuliko usiyemjua. Lakini isikilize vizuri, haisemi halikuli. Inasema halikuli likakwisha, maana yake linakula, linabakiza. Sultani alibakiziwa. Wengine tumejenga maisha mazima juu ya kubakiziwa na tunashukuru.

Juzi juzi umeme umekatika nikamsimulia hii hadithi mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, maswali yake hayana adabu ya kusubiri. Nimefika kwenye ndama tu akaniuliza, mjomba, mama yake ndama alisema nini? Nikanyamaza. Kwenye hadithi hakuna. Anayesikika pale ni sultani na wale wapeleka habari, mama yake ndama hana mstari hata mmoja. Nikaendelea, akala mbuzi, akala ng'ombe, na hapo mimi mwenyewe nikashtuka, miaka yote hii haikuwahi kunijia kwamba yule ng'ombe aliyeliwa baadaye anaweza kuwa ndiye mama. Mtoto alishaona. Akasema basi hawezi kusema tena. Akavuta kanga mpaka kidevuni akasema endelea.

Sasa shujaa. Shujaa wa hadithi hii ni kijana wa mwisho wa sultani, anaitwa Mkaa Jikoni, na jina linaeleza kila kitu, ni mtoto anayeshinda jikoni kwa mama, baba hana habari naye. Mwanzoni mwa hadithi kuna mtende wa sultani ambao ndege anakuja usiku anakula tende zote, kaka zake wamelinda mmoja mmoja wote wakalala. Yeye alipopewa zamu akatafuna bisi zilizochanganywa na mchanga, usingizi ukija anatafuna, mchanga unakwaruza kwenye meno anashtuka. Hiyo ndo silaha yake, mchanga mdomoni. Mimi huwa nafurahi sana hapa maana mashujaa wengi tunaopewa siku hizi kwenye muvi wana misuli na magari, huyu ana usumbufu aliojitengenezea mwenyewe ili asilale. Kukaa macho kunauma, hadithi inalijua hilo, na kaka zake hawakuwa wajinga, walichagua tu kustarehe.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni akishakwenda kumsaka nunda. Hamjui. Hajawahi kumuona. Anaingia porini anakuta mbwa, anaua, anamfunga kamba anamburuta mpaka nyumbani anaimba, mama nimemuua nunda mla watu. Mama anatoka kutazama anamjibu kwa wimbo, mwanangu, siye huyo nunda mla watu. Anarudi porini anamleta fungo, siye. Analeta punda milia, siye. Twiga, siye. Kifaru, siye. Anamuua tembo, tembo mzima, watu wamejaa kumtazama, anaimba kwa nguvu zote, mama anatoka anatazama, mwanangu, siye huyo.

Wakati tunasimuliwa sisi tulikuwa tunaitikia kwa pamoja, siyeee, tunacheka, kwa mtoto ni mchezo wa kukisia mnyama gani anafuata. Ukikua unauona upande wa pili. Huyu shujaa mpaka kumfikia nunda ameshaua viumbe kibao ambavyo havikumla mtu yeyote. Punda milia alikuwa anakula majani yake. Twiga amekosa nini? Kosa lao ni kwamba walikuwa wakubwa, au wa ajabu, au walikuwa njiani siku shujaa anatafuta wa kuua. Hadithi haifichi, inamuonyesha shujaa wetu akiwa na damu ya wasio na hatia mikononi na akiwa na furaha ya kweli kabisa, anaimba. Yaani ushujaa bila kujua sura ya unachokitafuta unafanana sana na ununda wenyewe, ukiwa twiga huwezi kuona tofauti.

Na kinachomuokoa ni mama. Mama hampongezi. Hebu fikiria uzito wa jambo hilo, mwanao wa mwisho, yule aliyedharauliwa, amerudi hai na tembo kwenye kamba, mji mzima unashangilia, na wewe ndiye wa kumwambia siye. Rahisi zaidi ingekuwa kukubali, kusema ndiyo baba, ndiye, keti ule, ngoma zipigwe, mambo yaishe, na nunda angeendelea kula watu njiani huku mji ukisherehekea. Na baadaye mwanae anapoona mnyama kalala mlimani anajua ndiye kwa sababu anakumbuka alichoelezwa na mama, masikio madogo, mwili mpana si mrefu, mkia mnene. Bunduki zilimuua nunda ila aliyempata ni mama, kwa kukataa mara zote zile.

Mwaka 1995 hofu ya popobawa, zimwi linalosemekana kuvamia watu usiku vitandani, iliingia Pemba ikavuka mpaka Unguja na kusambaa sehemu zingine za pwani. Wanaokumbuka wanakumbuka watu walivyokuwa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, hakuna anayetaka kulala chumbani peke yake. Siwacheki walioogopa, hofu ile ilikuwa ya kweli hata kama kila mtu atakuwa na maelezo yake kuhusu popobawa mwenyewe. Ninachotaka kusema ni kwamba katika hofu ile kuna mtu aliuawa Unguja. Alikuwa mgonjwa wa akili, kundi likaamua ndiye. Mtu mwenye mama, au aliyewahi kuwa na mama, anaburutwa, na katika watu wote wale hakutokea sauti moja yenye nguvu ya kusema huyu siye.

Au twende Usukumani, Shinyanga na Mwanza huko, kwenye mauaji ya bibi zetu kwa sababu macho yao mekundu. Macho mekundu kwa nini? Kwa moshi. Mwanamke amepika miaka hamsini kwenye moto wa kuni na wa samadi ya ng'ombe iliyokaushwa, chumba hakina dirisha la maana, amepikia watoto, amepikia wajukuu, moshi umemla macho. Yaani alama ya kwamba amelisha ukoo ndiyo hiyo hiyo imefanywa alama ya uchawi. Akifa mtoto kwa homa au ng'ombe wakiisha zizini watu wanatafuta nunda, na nunda halisi inaweza kuwa malaria au maji machafu au ndugu anayetaka shamba la huyo bibi, lakini hizo zote zina masikio madogo hazionekani kirahisi, bibi yeye anaonekana, yuko peke yake, amekaa mlangoni, macho mekundu. Vijana wanakwenda usiku na panga. Nina hakika wengine wao njiani walijiona ni Mkaa Jikoni.

Sijaridhika nikiishia kwa nunda maana kuna upande wa pili wa jambo hili, na huo umekaa kwa Fumo Liyongo.

Tulipokuwa tunaangalia muvi kwenye vibanda vya video tulikuwa na msemo, stelingi hafi. Hata akipigwa risasi kumi, tulia, stelingi hafi. Liyongo ni stelingi anayekufa, na anauawa na mwanawe wa kumzaa, na hii ndiyo hadithi ya shujaa ambayo waswahili wa Pate na Lamu na Ozi waliamua kuitunza kuliko zote, Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaitungia utendi mwaka 1913. Watu waliochagua shujaa wa namna hiyo walikuwa wanajua kitu kuhusu binadamu.

Mtazame Liyongo kwa macho ya sultani wa Pate. Ni mtu mrefu kupita kiasi, mfuko wake mmoja unatoka kinu na mchi na vyungu na mafiga, akipuliza panda, lile baragumu lake, Wagala (ndio Waoromo) waliokuja kumtazama wanaanguka wanazimia. Ukiniambia habari za mtu wa hivyo bila kunitajia jina nitakwambia hilo ni zimwi. Na kwa sultani ndivyo ilivyokuwa, lile lile umbo ambalo kwa wengine ni fahari, kwake ni tishio la kiti. Wagala nao walipozinduka hawakumkimbia, walitaka mbegu yake, wakamuoza binti, kizazi chao kiwe na nguvu zile. Woga na tamaa vimekaa ndani ya kifua kimoja hata kabla hawajajipangusa vumbi. Kwa hiyo shujaa na zimwi mara nyingi ni mwili mmoja unaotazamwa kutoka nyumba mbili, na anayeamua jina ni yule mwenye cha kupoteza.

Watu wa sultani walijaribu kumuua kwa hila. Wakala kikoa, kila mtu kwa zamu anapanda mkoma, mti wa jamii ya mtende, kuangusha matunda yake, makoma, zamu ya Liyongo ikifika akiwa juu wamlenge mishale. Yeye akabaki chini akayatungua makoma kwa mshale. Wakamfunga gerezani, mama yake anampelekea chakula kila siku, walinzi wanakula kizuri wao, basi akamtuma kijakazi Saada kwa mama, apike mkate wa wishwa na tupa ya kukatia chuma aiweke katikati. Walinzi wakaona makapi wakaupitisha. Usiku akaomba ipigwe ngoma ya gungu mara ya mwisho, upatu na tasa na ngoma, na mji ukiwa unaimba kwa sauti yeye anakata pingu. Napenda sana hili, kwamba aliokolewa na dharau, walinzi waliopenda kizuri tu hawakutaka hata kuugusa mkate wa maskini.

Alafu akaja mwanawe. Ameahidiwa binti wa sultani na cheo. Akamuuliza baba, kitu gani kinaweza kukuua? Na Liyongo, huyu ambaye hakuweza kudanganywa na mkoma wala na gereza, akamwambia. Sindano ya shaba, kitovuni. Kwa nini alisema? Nimewahi kubishana na rafiki yangu usiku mzima kuhusu hili, yeye anasema ni uzembe wa mtunzi, hadithi ilitaka kuisha. Mimi nakataa. Alisema kwa sababu aliyeuliza ni "mwanangu". Neno ni lile lile la Majnuni, wangu, limefumba macho ya baba mmoja asione anachofuga na limefumba ya mwingine asione anayemuuliza. Sultani wa kwanza aliwapoteza wengine kwa neno hilo, Liyongo akajipoteza mwenyewe, na kitovuni hapo ni mahali mtu alipounganishwa na mama yake kabla hajazaliwa, sidhani kama waliopachagua walipachagua hivi hivi. Na mtoto katika masimulizi niliyoyasoma hafaidi kitu, waliomtuma ndio wa kwanza kumkimbia.

Liyongo akaamka na sindano ndani, akachukua uta na mishale akaenda kisimani, akapiga goti moja, akavuta upinde, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji wanamuona kwa mbali wanadhani yuko hai. Siku zinapita hakuna anayechota maji. Mji una kiu na kisima kipo pale, na kati yao na maji kuna maiti ya mtu ambaye wao ndio waliomtaka afe. Wakamwendea mama yake, akaja kumbembeleza kwa mashairi akidhani ana hasira, siku baada ya siku, mpaka mwili ulipoanguka ndipo wakajua. Picha hii ya mji mzima umesimama na mitungi mitupu ukimuogopa marehemu, kwangu mimi inamaliza mjadala wa nani zimwi. Waliogopa walichokifanya.

Shaaban Robert kwenye Adili na Nduguze, 1952, akaisogeza karibu zaidi mpaka ndani ya chumba kimoja. Adili ni liwali mwema wa Janibu, na usiku ana manyani wawili, anawalisha chakula cha watu, alafu anachukua mjeledi anawachapa huku analia, manyani ni kaka zake waliomtosa baharini na jini ndiye aliyeamuru wapigwe. Ukimuona mtu huyu dirishani usiku, mjeledi mkononi na minyororo, utakimbia. Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, alimuona, akampelekea mfalme habari, na Rai, tofauti na Majnuni, akauliza. Akamwita Adili akamsikiliza kisa chote mwanzo mpaka mwisho kabla ya kutoa hukumu, na kisa kikaishia kwenye msamaha, manyani wakarudi kuwa watu.

Hata huko Ulaya walilijua hili. Mary Shelley alipochapisha Frankenstein mwaka 1818 kile kiumbe hakukipa jina, mpaka leo watu wanakiita kwa jina la aliyekiunda. Kimekimbiwa na aliyekitengeneza siku ya kwanza kilipofumbua macho. Na mtu mmoja tu kwenye kitabu kizima anakaa nacho akiongea nacho kwa upole, mzee kipofu, ambaye kiumbe kilikuwa kinawakusanyia kuni usiku yeye na familia yake bila kujulikana. Mzee anasikiliza sauti. Mtoto wake mwenye macho mazima akaingia, akaona, akapiga. Nikisoma hapo namkumbuka mama wa Mkaa Jikoni, ingawa yeye alikuwa anaona vizuri, wote wawili wametulia kabla ya kutaja jina.

Turudi kwa mtoto wa dada. Tulifika mwisho, nunda kauawa, mama katoka, katazama, na safari hii kaimba ndiye mwanangu, ndiye huyo nunda mla watu. Mtoto alikuwa anaitikia siye siye kwa furaha, nilipobadilisha akakaa kimya, akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniuliza una uhakika ndiye? Nikamwambia ndiye, masikio madogo, mkia mnene. Akakubali. Nikamwambia sultani akafurahi sana, akampa kijana nchi, watu wakakaa raha mustarehe.

"Sultani hakuulizwa?"

Aulizwe nini?

"Wa ndama."

Nikamwambia hapana, hakuna aliyemuuliza. Umeme ulikuwa haujarudi. Akasema, "mimi ningemuuliza", akageukia ukutani.